Kulipa, Kulipia, Kulipiza

Wiki niliyorudisha ufunguo wa droo yangu, Hinda, msichana aliyechukua kiti changu cha ukalimani, aliniomba nimwachie orodha ya maneno magumu ya Kiingereza cha mahakamani. Nadhani alitarajia yale marefu yenye asili ya Kilatini, ambayo mawakili huyatamka huku wakirekebisha tai. Nilimwambia hayo hayana shida. Hakuna anayeyaelewa, kwa hiyo kila mtu huuliza maana. Neno lililonitesa mimi lina herufi tatu, na nililijua tangu darasa la tatu. Ni "pay". Hinda akacheka, akidhani ni mzaha wa mtu anayestaafu. Naandika haya ili yeye na wenzake wajue kwa nini sikuwa natania.

Niliingia kazini Garissa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mama yangu aliuza maziwa ya ngamia sokoni, na tangu nikiwa mdogo mimi ndiye niliyezungumza na wateja wake waliotoka Kenya, kama tulivyokuwa tukisema wakati huo, kana kwamba sisi tulikuwa kwingine: walimu, manesi, askari. Mama alisema kwa Kisomali, mimi nikasema kwa Kiswahili, na mwalimu mmoja aliyekuwa mteja wetu alinilazimisha kumjibu kwa Kiingereza, la sivyo hanunui. Niliposikia kwamba mahakama inatafuta mtu wa lugha hizo tatu, niliona ni kazi ninayoijua, ila sasa bila ndoo.

Siku yangu ya kwanza ilidumu kama dakika ishirini kabla sijaaibika. Shahidi alikuwa bibi kizee mmoja aliyeibiwa punda. Alikuwa akitazama feni ya darini, na nadhani hakuwa amewahi kuiona. Hakimu, mtu wa Nyeri mwenye sauti ya chini, akaniambia kwa Kiingereza, "Tell her to pay attention." Neno "pay" nilikuwa nalijua vizuri. Lililofuata sikuwa na hakika nalo, nikakisia kuwa ni aina fulani ya ada. Nikamwambia bibi kwa Kisomali kwamba mheshimiwa anataka alipe. Bibi hakubisha. Alifungua fundo la shuka yake, akatoa noti zilizokunjwa zikawa ndogo kama punje, akaniuliza, "Kiasi gani, binti yangu?"

Nyuma yangu nikasikia sauti nzito ikisema kwa Kisomali, "Mama, rudisha hela zako. Anataka usikilize tu."

Hivyo ndivyo nilivyokutana na Mzee Gedi. Alikuwa mkalimani kwa miaka mingi kabla yangu, mzaliwa wa Tarbaj, na Kiingereza alikipata kwa kuwafuata madaktari wa mifugo kutoka kisima hadi kisima. Nilimwita adeer, yaani baba mdogo, naye akaniita adeer vilevile, maana kwetu mzee humrudishia kijana jina lilelile analoitwa. Hakunisuta. Baada ya kesi alinipa daftari lenye jalada gumu na kalamu mbili, moja ya kutumia na nyingine ya kutumia ile ya kwanza itakapovuja kwa joto. "Neno likikukwaza liandike," alisema. "Lakini lile usiloliogopa liandike mara mbili."

Alinifundisha mambo ambayo sijayaona katika kitabu chochote. Kabla hakimu hajaingia, alikwenda kwenye mlango wa korokoro kuzungumza na washtakiwa kuhusu mvua na malisho, si kuhusu kesi. Alikuwa akisikiliza matamshi yao. Mtu wa Rhamu na mtu wa Sangailu wote watakwambia wanasema Kisomali, na wote wanasema kweli, lakini ukimtafsiria mmoja kwa sikio la mwingine utampa kosa ambalo hakulifanya. Alinifundisha pia kutomtazama hakimu usoni wakati wa kutafsiri. Ukimtazama, utaanza kutafuta maneno ya kumfurahisha.

Kosa langu la pili lilikuja miezi michache baadaye. Mshtakiwa alidaiwa kuchukua betri ya redio dukani. Alijitetea kwamba hakuiba, alimtolea mwenye duka mbuzi. Nikasimama wima nikatangaza, "I paid the goat."

Hakimu aliweka kalamu chini. "And what did the goat say?"

Karani alicheka hadi akalazimika kutoka nje. Mchana ule nilimfuata Mzee Gedi nikitaka kujua nimekosea wapi, kwa sababu kwa masikio yangu sentensi ilikuwa sawa kabisa. Akachora mistari mitatu mchangani kwa ncha ya bakora yake. Kuna yule unayempa, akasema. Kuna kile unachotoa. Na kuna kitu kilichokufanya utoe. Kisomali kinaweka alama kwenye kila mmoja. Kiswahili kinabadilisha mkia wa kitenzi: nilimlipa mwenye duka, nililipia betri. "Lakini Mwingereza ana neno moja tu, na kijineno kidogo 'for' kimesimama mlangoni kama askari. Ukisahau 'for the battery', mbuzi anapokea mshahara."

Tangu siku hiyo "for" ilinivutia kuliko neno lolote. Niliwasikiliza mawakili kama mtu anayewinda ndege. Niliandika kila sentensi yenye "pay", na kila nilipoitumia mwenyewe nilihakikisha askari yupo mlangoni. Baada ya mwaka hivi nilijiona nimelimaliza neno hilo. Kesi ya Dahir ilinikuta katika hali hiyo ya kujiona.

Dahir alikuwa mfugaji wa upande wa Sangailu, mtu mrefu wa makamo. Alisimama kizimbani akishikilia kikoi chake kwa mkono mmoja, kwa kuwa mshipi wake ulibaki kwa askari. Mdogo wake, mtu mzima mwenye mke, alikuwa amegongwa na lori lililobeba unga na sukari, katika vumbi, wakati akivusha ng'ombe barabara. Dereva aliitwa Kyalo, Mkamba wa Mwingi. Hakusimama pale. Aliogopa kupigwa, akaendesha hadi kituo cha polisi cha mbele na kuripoti. Polisi waliandika kwamba ilikuwa ajali, wakamwachia. Majuma matatu baadaye Dahir alimkuta Kyalo katika soko la mifugo la Garissa, akamwendea mbele ya watu, na kwa Kiswahili chake kichache, p ikigeuka b kwa kuwa Kisomali hakina p, akamwambia, "Utalibia ndugu yangu." Kyalo alikwenda moja kwa moja polisi kusema ametishiwa maisha. Katika hati ya mashtaka maneno yale yaliandikwa kwa Kiingereza: "You will pay for my brother."

Ilikuwa Jumatatu na tulikuwa na foleni ndefu. Shtaka lilisomwa. Lilikuwa na kifungu cha kutishia kuua, na vifungu vingine vya kuunganishia, na mwishoni maneno yenyewe. Hapo nilifupisha. Sikuwaza ubaya wowote, nilikuwa nawahi foleni. Nikamwambia Dahir kwa Kisomali, "Wanasema ulimwambia dereva huyu atoe mag ya ndugu yako. Ni kweli?"

Mag ni fidia ya damu. Ni mifugo ambayo upande wa aliyeua huupa upande wa aliyefiwa, hata kama mauti yalikuwa ya bahati mbaya, ili jambo liishe na watu wakutane tena kisimani bila kushikana.

"Ni kweli," Dahir akajibu. "Nilimwambia mbele ya watu. Sikujificha. Na nikimwona nitamwambia tena."

Nikatafsiri kwa makini, askari wangu akiwa mlangoni: "It is true. I told him he will pay for my brother. I told him in front of people, and when I see him I will tell him again."

Hakimu aliinua macho, akamtazama Dahir kwa muda, akaandika. Kyalo, kwenye benchi la mbele, alikuwa akiifinyanga kofia yake kwa mikono miwili. Ikaandikwa kwamba mshtakiwa amekiri. Hukumu ingetolewa Alhamisi. Dahir aliporudishwa korokoroni aliniitikia kwa kichwa, kama mtu anayemshukuru aliyemfikishia ujumbe. Nami niliketi nikiwa nimeridhika na Kiingereza changu.

Jumatano, saa ya chakula cha mchana, mbuzi waliingia nyuma ya ofisi ya hakimu. Alikuwa amepanda sukuma wiki kwenye makopo ya mafuta ya kupikia, akizimwagilia mwenyewe kila asubuhi kwa maji ya kunawia. Tulipofika palikuwa pamebaki vishina. Hakimu alisimama mbele ya makopo yale na kusema polepole, "Somebody will pay for this."

Nilitaka kusaidia. Mbuzi nilikuwa nawajua, walikuwa wa nyumba ya pili kutoka kwetu. Nikamwuliza, "Mheshimiwa, nimwambie mwenyewe alete kiasi gani?"

Alinitazama, kisha akacheka. "Bi Deka, sisemi pesa. Mtu akisema hivyo na hasira, maana yake ni kwamba mwenzake atakiona cha mtema kuni."

"Hata kama ametaja kitu cha kulipia?"

"Hapo ndipo hasa."

"Na akimtaja mtu, badala ya kitu?"

Kicheko kilimwisha. "Mtu ni mbaya zaidi. Hicho ni kisasi." Kisha akainama kuokota kopo lililoangushwa, na mimi nikabaki nimesimama na jua la saa saba kichwani, nikimfikiria Dahir.

Nilikimbilia kamusi ya ofisi, ambayo kurasa zake za mwisho zilikuwa zimekwisha kufungia njugu. Nilitafuta upande wa Kiswahili, na kilichonishangaza zaidi ni kwamba onyo lilikuwa limo siku zote ndani ya lugha niliyodhani naijua. Kulipa. Kulipia. Kulipisha. Kulipiza, na kando yake neno kisasi. Ni mzizi mmoja, kutoka kununua unga hadi kutoa roho. Kisomali changu kilikuwa kimeniziba macho, kwa kuwa kwetu anayedai mag ndiye aliyekataa kisasi. Sentensi ileile, kwa sikio la Dahir ilikuwa amani, na kwa sikio la Kyalo na la hakimu ilikuwa kisu.

Mzee Gedi alinisikiliza hadi mwisho. Nilitumaini atasema tutafute njia ya kimyakimya, labda tumnong'oneze mwendesha mashtaka.

"Adeer, ulikosea wapi, mbele ya watu au pembeni?"

"Mbele ya watu."

"Basi."

"Wakinifukuza?"

"Utauza maziwa," akasema. "Yule mtu akifungwa atauza nini?"

Alhamisi kesi ilipotajwa niliomba ruhusa ya kusema. Nikasema kwa Kiingereza kwamba jibu la mshtakiwa halikufika mahakamani kama alivyolitoa, na kwamba hata shtaka halikumfikia kama lilivyosomwa.

Hakimu alivua miwani. "Are you telling this court that the record is wrong?"

"The record is right, sir. It is what I said. I am the one who was wrong."

Aliniuliza maswali kwa muda ambao ulionekana mrefu kuliko miaka yangu yote ya shule. Mag ni nini? Nani huidai? Anayeidai huwa ameshika silaha? Nilijibu, na kila jibu liliandikwa. Kisha akaamuru niketi, na shtaka lisomwe upya, mkalimani akiwa Mzee Gedi. Mzee akalitoa lote kwa Kisomali, neno kwa neno, bila kuruka hata vile vifungu vya kuunganishia.

Alipofika kwenye kutishia kuua, Dahir aligeuka kunitazama mimi, si hakimu. Sura yake sijaisahau. Haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu aliyekula chakula siku tatu ndipo akaambiwa kilikuwa kimepikwa na nini.

"Kumuua?" akasema. "Ningetaka kumuua ningemfuata sokoni mchana, mbele ya watu, nimwombe ngamia? Anayetaka kuua hadai. Anayedai ameshaweka kisu chini."

Mzee Gedi akaitafsiri bila kutumia "pay" hata mara moja. Alisema "compensation". Ni neno refu na baya, lakini halina mlango wa nyuma.

Kyalo aliuliza kama anaweza kusema. Alisimama na kofia yake. "Mheshimiwa, mimi nilisikia vile nilivyosikia. Na alikuwa na fimbo."

"Soko la mifugo, kila mtu ana fimbo," Dahir akajibu kwa Kiswahili, kabla hajatafsiriwa.

"Kwa hiyo hakutaka kuniua?" Kyalo aliuliza, na akamwuliza Mzee Gedi, kana kwamba sisi wengine hatukuwamo.

"Alitaka mtoe mag, wewe na tajiri wako, ili asitokee mtu mwingine wa kutaka kukuua," Mzee akasema.

Dahir alikana shtaka. Mwendesha mashtaka alizungumza na Kyalo kwenye kona, na kabla ya adhuhuri kesi ikaondolewa. Hakimu aliniita ofisini. Nilidhani ni barua ya kunifukuza kazi. Alikuwa akitazama vishina vyake dirishani. "Kuanzia leo," akasema, "ukifupisha shtaka hata kwa nukta, nitajua." Akanigeukia. "Na nikitumia neno usilolijua, simamisha kesi uniulize. Hata mara kumi."

Nilimsimamisha zaidi ya mara kumi. Wiki zile niliandika katika daftari kila kitu ambacho Mwingereza huweza kulipa: hulipa umakini, hulipa ziara, hulipa heshima kwa maiti. Uhalifu, wanasema, haulipi, kana kwamba kuna mtu alikuwa akingoja mshahara wake. Nilimwuliza yule mwalimu mteja wa mama kwa nini mtu atumie neno la dukani kwa mambo ya moyoni. Alisema hajawahi kufikiri. Nilifurahi kusikia kwamba hata wenye lugha, au waliokaribia kuwa wenye lugha, hupita juu ya kisima bila kujua kina maji.

Wazee wa upande wa Dahir na tajiri wa lori walianza kukutana. Walikubaliana ngamia wangapi si kazi ya mkalimani kusema. Siku moja kabla ya kikao cha mwisho, kilichokuwa kifanyike huko Sangailu, Kyalo alikuja mahakamani akaniulizia mimi. Alisimama kwenye ukumbi wa nje, hataki kuketi.

"Madam, nataka kumwambia mama yake marehemu kitu. Sitaki mtu anisemee. Nataka niseme mwenyewe, kwa lugha yake."

"Kitu gani?"

"Chenye watu husema kwa mfiwa. Nilikimbia. Sikumwambia siku ile."

Nikamfundisha maneno tunayosema sisi: samir iyo iimaan, subira na imani, Mungu akupe. Nilimwandikia kwenye karatasi kwa herufi za Kiswahili. Aliyasema mara nyingi sana, akitembea kutoka nguzo hadi nguzo, hata mahabusu waliokuwa wakingoja zamu wakaanza kumsahihisha. Alipoyapata, akakunja karatasi akaondoka.

Alirudi baada ya siku nne, nguo zikiwa na vumbi jekundu, lori limesimama nje bila kuzimwa. Kesi ya asubuhi ilikuwa imeahirishwa na chumba kilikuwa kitupu.

"Nilimwambia," akasema. "Akanitazama sana. Akanipa maziwa. Halafu akasema kitu, na wazee walikuwa wameshaanza kuinuka, hakuna aliyenitafsiria. Nimekishika kichwani tangu huko. Sijafungua hata redio."

"Sema."

Akafumba macho. "Wan ku afiye."

Nilikuwa nimeelewa mara ya kwanza, lakini nilimwomba arudie, na nikamwomba tena. Kosa moja lilikuwa limenitosha. Alirudia vilevile, silabi kwa silabi, mikono ikiwa imebana kiunoni, na kila mara lilikuwa neno lilelile.

"Amesema amekusamehe," nikamwambia.

Kyalo aliketi kwenye benchi la mashahidi. Alivua kofia, akaiweka gotini. Nje injini ya lori iliendelea kunguruma, na mimi nikaketi kando yake, kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine cha kutafsiri.